Mlango Uliolala Ukutani

Swali la wiki lilikuwa hili: "Nyumba za kupanga mijini zijengwe vipi ili zifae familia za kila namna, hata familia hizo zinapobadilika?" Najibu kama fundi mwashi wa miaka mingi, na pia kama mwenye safu mbili za mizigo kule Kireka, pembeni mwa Kampala. Kwa msomaji wa mbali: muzigo kwetu Uganda si furushi. Ni chumba kimoja cha kupanga, aghalabu futi 10 kwa 10, kwenye safu na wenzake chini ya bati moja, choo na bafu viko uani. Watu wengi mno wa Kampala wanalala humo.

Jibu langu ni kwamba mmehesabu vyumba mno. Hesabuni milango.

Nilikulia Nsambya, katika kambi ya polisi. Baba alikuwa konstebo, na tulikaa kwenye kibanda kidogo cha bati ambacho kambini kinaitwa "mama ingia pole". Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi, kwa hiyo hata kibanda kilibatizwa kwa Kiswahili. Kila mtu alikuwa na maelezo yake ya jina hilo. Wengine walisema ni mlango mfupi, unaomlazimu mama mwenye ndoo kichwani kuinama. Wengine walicheka tu wakabadilisha mazungumzo, nasi watoto tulikuja kuelewa baadaye.

Tulikuwa watu saba na mlango mmoja. Mama aligawa kibanda kwa pazia. Usiku pazia lilikuwa chumba cha wazee, asubuhi likakunjwa tukapata sebule. Dada yangu alipovunja ungo likasogezwa ili apate kona yake. Bibi alipokuja kutoka Arua kutibiwa hospitali ya Mulago, likasogezwa tena. Mpaka leo sijaona ukuta ulioifuata familia kwa utii kama lile pazia. Lakini halikuzuia sauti, na halikumpa mtu njia yake ya kutokea. Kaka yangu alipopata kazi ya ulinzi wa usiku, alirudi alfajiri akiruka vichwa vyetu. Hakumaliza mwaka, akahama. Nafasi ya kulala alikuwa nayo. Alichokosa ni mlango.

Ungedhani mtu aliyelelewa hivyo angejenga kwa akili. Wapi! Mwaka 2009 nilipopata kiwanja changu cha futi 50 kwa 100, nilijenga kama kila mtu: vyumba vinane kwenye mstari, kila ukuta wa kati umebeba mbao za paa, baraza ya futi mbili na nusu. Mwaka wa tatu mpangaji wangu mmoja, muuguzi, alifiwa na dada yake akaleta watoto wawili wa marehemu. Chumba cha jirani kilikuwa wazi. Akaniuliza kwa heshima, "Mzee, hatuwezi kutoboa hapa kati?" Nikajibu kwa kiburi cha fundi kwamba ni kazi ya asubuhi moja. Ukuta haukuwa na linta, ile boriti fupi inayobeba matofali juu ya mlango. Tulipotoa matofali ya chini, ya juu yakaanza kushuka moja moja, ufa ukapanda hadi kwenye bati. Nilisimamisha paa kwa mirunda wiki mbili, na muuguzi na watoto wakalala kwa shangazi yao, mtaa wa Banda. Gharama ilikuwa yangu, na aibu pia.

Sensa inasema kaya ya Uganda ina wastani wa watu wanne na nukta. Mimi kaya ya watu wanne na nukta sijawahi kuipangisha. Nimempangisha kijana wa bodaboda aliyeingia na godoro na sufuria, baada ya miaka mitano akawa na mke, watoto wawili na shemeji anayesoma. Nimempangisha mama aliyekwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, nchi za Ghuba, akamwachia bibi watoto watatu katika chumba alichokuwa akilala peke yake. Familia ya Wakongo ilifika watu tisa, ikagawanyika mara tatu, leo wamebaki wazee wawili. Kuna nyumba inayofurika kila likizo ya shule na kupwa muhula ukianza. Mwenye nyumba anaona haya yote kama usumbufu: mpangaji anahama, chumba kinakaa wazi mwezi, dalali anakula chake, rangi inapakwa upya. Angekuwa na njia ya kumwongezea chumba na kukichukua tena, mpangaji angebaki.

Basi safu yangu ya pili niliijenga hivi. Katika kila ukuta wa kati, kwenye kimo cha mlango, nililaza linta ya zege yenye nondo, ingawa mlango haupo. Chini ya linta, upana wa mlango, matofali hayakufungamanishwa na ukuta wa pembeni. Kiungo kinashuka wima pande zote mbili, na chokaa yake haina saruji nyingi. Kisha lipu ikapita juu ya vyote. Ukiingia huoni kitu. Mimi nauita mlango uliolala. Siku ukihitajika, unatoa matofali kwa patasi na nyundo ndogo, fremu inaingia, ukuta haujui kama umeguswa. Siku wakitengana, unajenga tena. Mbali na nondo chache na zege ya toroli mbili, hakuna gharama nyingine ya maana, na kwa linta moja haifiki bei ya mlango wa chuma. Kosa pekee ni kusahau ulipo, kwa hiyo nimechora ramani nikaibandika nyuma ya mlango wa stoo.

Ila mlango wa nje wa chumba cha pili hauzibwi kamwe. Hapo ndipo nagombana na mafundi wenzangu. Wakiunganisha vyumba viwili, wanaziba mmoja "ili ifanane na nyumba". Wanaua kile kilichokuwa na thamani. Kijana wa miaka ishirini anayerudi usiku, bibi anayeamka kuswali alfajiri, binti aliyerudi nyumbani na mtoto mchanga, mke mdogo, mpangaji wa mpangaji: wote wanaweza kuishi na familia bila kuishi ndani ya vitanda vya wenzao, mradi wana mlango wa kutokea nje. Wakoloni walijua hili kwa njia yao mbaya, walipokitenga uani kijumba cha boi, mtumishi wao. Leo vijumba hivyo vya Kololo na Bugolobi vinapangishwa, vimeozesha mabinti, vimeanzisha saluni. Vinajipinda vitakavyo kwa sababu tu vina mlango wao.

Baraza nayo niliipa futi tano. Jirani yangu aliniambia natupa kiwanja. Lakini sisi tunapika kwa sigiri, na mvua ya Kampala haibishi hodi. Baraza nyembamba maana yake mkaa unaingia ndani, na chumba cha kulala kinakuwa jiko. Ikiwa pana, mtu anapika, anafulia, anasuka nywele, mtoto anafanya kazi ya shule, na msiba ukitokea wageni wanakaa. Kama ningeruhusiwa futi moja tu ya kuongeza kwenye nyumba nzima, ningeiongeza hapo.

Maji ni hadithi fupi: yakae ukuta mmoja wa nyuma, yafuatane, na kila chumba kiachiwe kishina cha bomba kilichofunikwa. Umeme kila chumba na mita yake, la sivyo siku ya kugawana vyumba itakuwa siku ya ugomvi wa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Na mkataba tunauandika upya kila tunapofungua mlango. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inazuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mpangaji asije kuona mlango wangu ni uchochoro wa kukikwepa kikomo hicho.

Binti yangu anayesomea usanifu alinionyesha picha za Quinta Monroy, mtaa wa mji wa Iquique huko Chile, ambako msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijengea familia 93 nusu ya nyumba: ngazi, jiko, bafu na kuta nzito, na pengo kando ili kila familia ijaze yenyewe ikipata pesa. Nilipenda sana kwamba walichukua nusu iliyo ngumu kwa mtu mnyonge kuijenga vizuri. Lakini wale walimilikishwa. Mpangaji wa Bwaise, mtaa wetu wa watu wa kipato cha chini, hawezi kujaza pengo kwenye nyumba ya mtu, tena kwenye ardhi ambayo mara nyingi hata mwenye nyumba ana kibanja tu, yaani haki ya kukaa, huku hati ya mailo, ya umiliki wenyewe, iko kwa mwingine. Kwetu nusu ya pili lazima ashike mwenye nyumba, na ndiyo maana nasema linta ilale ukutani tangu siku ya kwanza.

Wanaojenga ghorofa wana bahati ambayo hawaitumii. Nguzo na mihimili ya zege imekwisha kubeba kila kitu, matofali ya kati ni ya kujaza tu, yangeweza kuhama kila baada ya miaka kumi. Lakini wanatawanya vyoo, kimoja mashariki, kingine magharibi, bomba likapita katikati ya sebule, na hakuna ukuta tena unaoweza kusogea. Choo kikae juu ya choo. Halafu mlango wa fleti utokee kwenye ukumbi mahali ambapo unaweza kuongezwa wa pili.

Mlango uliolala kati ya chumba cha tatu na cha nne umeshafunguliwa mara mbili na kufungwa mara mbili. Jana mzee wa chumba cha tatu ameniambia mjukuu wake amepata nafasi Makerere na atakaa naye. Chumba cha nne kinaachwa wazi mwisho wa mwezi. Fremu ninayo stoo, imeshika kutu kidogo upande wa bawaba. Nimemwambia kijana wangu aipige msasa Jumamosi.