Koneksheni ya dola 650

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni binti wa miaka 24, natoka Njabini, Kinangop. Napiga gitaa na nimetunga nyimbo 43 za kantri, nyingine kwa Kiingereza, nyingine kwa Kikuyu. Kuna jamaa tulijuana Facebook, anaishi Nashville, Tennessee, kitovu cha kantri kule Marekani, anasema ana watu wake Music Row. Anataka dola 650 ili anipange mbele ya maprodyuza na wachapishaji, pamoja na kuingiza wimbo wangu kwenye pleilisti kubwa za Spotify. Najua matapeli wapo, kwa hivyo nataka tuandikiane mkataba. Uwe na vipengele gani ili pesa zangu ziwe salama? Pili, nifanyeje na woga? Kila mtu ananiambia bila koneksheni sitafika, na nikijitazama, msichana wa Kinangop anayeimba muziki wa Wazungu, naona haya. Nimekuambatishia nyimbo zote 43. — W., Njabini

JIBU: W., mkataba wa kulinda pesa hizo haupo. Hata ukiandikwa na wakili bora Nairobi nzima, jamaa akizima simu utamshtaki wapi? Utaendesha kesi ya dola 650 Tennessee ukiwa Njabini? Hilo tuliache, maana umesema mwenyewe kwamba matapeli unawajua, na bado unatafuta namna ya kulipa. Hapo ndipo ninapochoka. Si kwako tu. Mwezi haupiti sijapata barua kama yako, na karibu zote zina yale maneno: bila koneksheni sitafika.

Sisi tumelelewa na foleni za ofisi. Ukitaka cheti, ukitaka faili isonge, unamtafuta mtu wa ndani, unampa kitu kidogo, faili inasonga. Tukiingia kwenye muziki tunaingia na akili hiyohiyo. Tunadhani Music Row ni jengo lenye mlango mmoja na bawabu mmoja, na kazi yetu ni kujua bei ya bawabu. Music Row ni mitaa tu: barabara ya 16 na ya 17 Kusini, nyumba za zamani zilizogeuzwa ofisi na studio. Ndani wamo watu wanaotafuta nyimbo kwa sababu wimbo ukishika ndio unaowalipia kodi ya nyumba. Hongo yako haina kazi kwao. Wanachotaka ni kiitikio.

Mchapishaji halali wa muziki, yaani anayezitafutia nyimbo zako wasanii na kukusanya malipo yake, hamtozi mtunzi hata senti. Anakula pale wimbo unapokula. Piga hesabu. Mwaka 2025 kiwango cha kisheria cha malipo ya watunzi kule Marekani kwa wimbo wa hadi dakika tano kilikuwa senti 12.7 kwa kila nakala inayouzwa, iwe santuri, CD au faili la kupakua. Tuseme mmetunga watatu, jambo la kawaida Nashville: fungu lako ni senti nne na kidogo. Mchapishaji akichukua nusu ya fungu hilo, anabaki na senti mbili na kidogo. Ili apate dola 650 kupitia kwako, lazima ziuzwe nakala zaidi ya 30,000. Jamaa yako anazipata hizo 650 leo jioni, kabla hajasikia ubeti wa kwanza. Sasa niambie, kati ya hao wawili ni nani mwenye sababu ya kuuhangaikia wimbo wako?

Nayasema haya nikiwa na kovu langu. Mwaka 2006, nikiwa bado mpiga besi tu na sijaanza hii kazi ya kusimamia haki za watunzi, nilimpa promota mmoja shilingi 30,000 aipeleke kazi yangu ng'ambo. Niliuza amplifaya kuzipata. Mkataba tulikuwa nao, tena mzuri, kurasa nne na muhuri.

Watu unaowahitaji kwanza ni wale ambao na wao hawajulikani. Hili ndilo ninalorudia mpaka sauti inakauka na hakuna anayetaka kulisikia, kwa sababu halina mkubwa ndani yake. Pale Nashville watunzi hupanga miadi saa nne au saa tano asubuhi, wawili au watatu chumbani, na siku ikienda vizuri wanatoka na wimbo. Kwa desturi wanagawana sawa, hata kama siku hiyo mmoja alichangia mstari mmoja. Wanaoanza hutunga na wanaoanza. Miaka ikipita mmoja anaajiriwa kwenye kampuni ya uchapishaji, mwingine anapata kazi ya gitaa kwenye bendi ya msanii anayezunguka nchi, wa tatu anasaini mkataba wa kurekodi. Huyo wa tatu akitafuta nyimbo, anawapigia simu wale aliolala nao njaa. Wazee wetu wangeliita rika. Au chukua chama cha akina mama hapo kwenu: unachanga kwanza, mwezi baada ya mwezi, zamu yako inakuja kwa sababu ulikuwepo kwenye zamu za wenzako. Sijawahi kuona mtu akimlipa mgeni wa Facebook amnunulie zamu kwenye chama.

Kuna mkahawa unaitwa Bluebird Cafe, ulifunguliwa 1982, viti tisini hivi, uko kwenye safu ya maduka ya kawaida kabisa nje ya katikati ya mji. Jumatatu usiku mtu yeyote anaweza kujiandikisha aimbe. Garth Brooks, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa kantri, alifika Nashville mwaka 1985, akakata tamaa na kurudi Oklahoma baada ya siku moja hivi. Akaja tena 1987, akawa anauza buti dukani huku akiimba popote walipomruhusu. Kampuni ya kurekodi ya Capitol ilikuwa imeshamkataa aliposimama Bluebird mwaka 1988, na mtu wa Capitol hiyohiyo akamsikia pale akiwa miongoni mwa watunzi wenzake. Ndipo wakamchukua.

Ila wauza ndoto hawapendi hadithi ya Brooks sana, ina duka la buti. Wanapenda ya mtunzi Kris Kristofferson, jinsi alivyotua kwa helikopta kwenye uwanja wa nyumba ya Johnny Cash, nyota wa kantri, akiwa na nyimbo zake mkononi. “Umeona? Fanya kitu cha ajabu, watakutambua!” Wanaruka sehemu inayotangulia. Huyo alikuwa amesoma Oxford, alikuwa kapteni wa jeshi, na alipohamia Nashville mwaka 1965 alipata kazi ya kufagia na kumwaga visahani vya majivu ya sigara katika studio za Columbia. Miaka hiyo ndiyo aliyojuana na wapigaji, na Cash mwenyewe pia. Helikopta ilitua kwa mtu aliyekuwa anamjua tayari.

Na huko kufagia kuna faida ambayo jamaa yako hawezi kukuuzia: unajifunza lugha ya chumba. Nipe nafasi nikuonyeshe, maana hapa watu wa kwetu wana mtaji wasioujua. Wapigaji wa studio kule hawaandiki kodi za gitaa (si zile za KRA) kwa herufi. Wanaandika kwa namba, mfumo ulioanza kwao miaka ya 1950 ikielekea mwisho. Ufunguo ukiwa G, basi G ni 1, C ni 4, D ni 5. Karatasi inasema 1 4 1 5, kila namba ni baa moja. Ya sita ikiwa mainari inawekewa kistari kando yake. Mwimbaji akisema koo limekauka, tushuke hadi F, hakuna anayefuta kitu. Namba ni zilezile, vidole tu vinahama. Kama uliimba kwaya kanisani kwa solfa, ukasoma d m s kwenye ubao, nusu ya mfumo huo unayo kichwani: do ni do popote utakapoiweka. Nimemfundisha mwimbaji wa kwaya ya PCEA mchana mmoja, jioni anasoma karatasi. Mtu anayeingia chumbani akiweza hivyo anaitwa tena. Anayeingia na kadi ya biashara iliyochapwa kwa dhahabu, sina hakika.

Tena huhitaji kuanzia Tennessee. Nairobi kuna watu wanaopiga kantri kwa riziki. Sir Elvis ameisimamia miaka mingi, Esther Konkara pia. Nenda kwenye maonyesho, lipa kiingilio, sikiliza hadi mwisho, na mapumziko yakifika usimwendee mwimbaji, amezungukwa. Mwendee mpiga besi (tumezoea kusahauliwa) au fundi wa sauti. Waulize wanafanyia mazoezi wapi. Jitolee kuimba sauti ya pili. Wapo pia wapiga mugithi huko kwenu, mtu mmoja na gitaa lake usiku kucha, na wengi wao Kenny Rogers na Jim Reeves wako kwenye vidole vyao. Mmoja akikuachia nyimbo mbili Ijumaa, umepata jukwaa ambalo halikugharimu dola hata moja. Ukitunga na mwenzako, andikeni siku hiyohiyo nani ana asilimia ngapi, mtie sahihi, mpige picha. Hakimiliki inakuwa yako tangu wimbo umerekodiwa au kuandikwa. Kuusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi wa ziada, na ni jambo unaloweza kulifanya mwenyewe bila dalali.

Ujanja wa jamaa yako si mpya. Karne iliyopita magazeti ya Marekani yalijaa matangazo kwenye kurasa za nyuma: tutumie shairi lako, tutalitia muziki, huenda ukawa tajiri. Mkulima au mama wa nyumbani akatuma shairi, akajibiwa kwamba ana kipaji cha nadra, gharama ni kiasi fulani. Akalipa, akaletewa santuri iliyorekodiwa haraka haraka na wapigaji ambao siku hiyo walikuwa wamesharekodi nyingine kadhaa. Alikuwa ameshafanya biashara yote ambayo kampuni ile ilihitaji. Leo shairi limekuwa “onyesho mbele ya maprodyuza”, posta imekuwa WhatsApp.

Na hizo pleilisti ni mbaya hata ungepewa bure. Anayekuahidi wasikilizaji kwa bei maalumu mara nyingi anakununulia mashine za kusikiliza. Tangu 2024 Spotify huwatoza faini wasambazaji, wale wanaokupandishia nyimbo huko, kwa wimbo ambao usikilizwaji wake umeonekana wazi kuwa wa bandia. Msambazaji anakugeuzia wewe faini au anaushusha wimbo. Na wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi kabisa. Sasa mtu anakosa subira ya kutafuta wasikilizaji elfu moja wa kweli, hata wa Naivasha na Nyahururu, analipa kupata laki moja wasiokuwepo, kisha wimbo unafutwa pamoja na wale arobaini waliokuwa wanaupenda. Nimeuona mwisho huo zaidi ya mara moja na sitaki kuuona tena.

Jamaa yako akija na hatua ya pili, kwa sababu huja, atakuambia uombe viza ya matembezi, uende upige pale Lower Broadway, mtaa wa baa za muziki Nashville, ambako bendi hupokezana kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane usiku. Viza ya matembezi hairuhusu kuimba kwa malipo, na usidanganywe kwamba bakshishi za kwenye ndoo si malipo. Wasanii huingia kwa viza za kundi la O au P, na hizo huombwa na aliyekualika kazini, kwa ushahidi wa kazi ulizokwisha kufanya. Ukikamatwa, si yeye atakayerudishwa Jomo Kenyatta.

Kuna na kundi jingine, wale wahamasishaji wanaouza masomo ya kujiamini kwa wasanii. Wanakwambia jiite nyota kila asubuhi mbele ya kioo. Woga wako ni wa mtu ambaye hajaimba mbele ya watu mara za kutosha. Ukishaimba mara sitini utabaki mdogo, kama wa kwangu, ambao bado unanifanya niende chooni mara mbili kabla ya onyesho. Hauondoki, na kioo hakihusiki.

Aibu yako ya “muziki wa Wazungu” ndiyo inayonishangaza zaidi. Banjo imetokana na ala za Afrika Magharibi zilizovushwa na watumwa. DeFord Bailey, mtu mweusi na kinanda chake cha mdomo, alikuwa kati ya nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri kule Nashville. Charley Pride, mweusi pia, aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la kantri mwaka 2000. Na mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, waliyemsikia kwenye santuri. Hawakumwomba mtu ruhusa.

Sasa nyimbo zako. Sikufungua 43, na hakuna mtu kwenye kazi hii atakayezifungua. Anayetuma 43 anasema hajui uzuri wake uko wapi. Nimesikiliza mbili. Ule wa pikapu na wiski ya Tennessee uweke kando, unaimba mahali usipopajua na inasikika. Lakini ule wa Kikuyu, wa mama aliyesimama na mtungi wa maziwa alfajiri, lori limekwama kwenye matope na yeye anasikia injini kwa mbali isiyofika, nimeurudia mara tatu. Kasoro yake ni moja: kiitikio kinakuja baada ya dakika moja na sekunde 50, kwa sababu una beti mbili zinazosema jambo moja. Kata wa pili, ule wa ukungu. Urekodi upya kwa simu, gitaa na sauti basi, chumba chenye mapazia. Kisha nitumie huo mmoja.