Mwanangu anakwenda Uluru

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu wa kidato cha tatu anasafiri na wenzake kwenda Australia kujifunza mila za Waaborijini, wenyeji wa asili wa huko. Anasema ataupanda mwamba wa Uluru. Nimwambie nini?
Mama wa Shela, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Asiupande! Ni mahali patakatifu pa Waanangu, Waaborijini wa eneo hilo, waliorudishiwa ardhi yao mwaka 1985, na kuupanda kumepigwa marufuku tangu Oktoba 2019. Mimi nimekulia Langoni, mtaa wa mji wa Lamu; hadi leo naumia mgeni anapompiga picha mama mwenye buibui bila hata hodi. Huko nako zipo sehemu za mwamba zisizopigwa picha, azitii alama. Wazee wakisimulia, simu ikae mfukoni. Na awapelekee wenyeji kofia ya Lamu, iliyoshonwa kwa mkono.