Kufuatilia unawaji wa mikono wodini

Sista, umeuliza jinsi ya kufuatilia unawaji wa mikono katika wodi yenu ya upasuaji huko Mbale bila wauguzi kuhisi kwamba wanapelelezwa. Shika nyakati 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mhudumu anawe mikono, hasa ile ya kabla ya kumgusa mgonjwa, ambayo husahaulika kwa urahisi. Simama dakika 20 madaktari wanapozungukia wagonjwa, uhesabu ni mara ngapi mikono ilipaswa kunawiwa na ni mara ngapi ilinawiwa, bila kuandika jina la yeyote. Lakini kwanza fungua bomba mwenyewe: niliwahi kumkaripia muuguzi, kumbe dumu la maji lilikuwa tupu tangu alfajiri, na jambo hilo bado linaniuma. Matokeo yasomwe katika kikao cha asubuhi, madaktari wakiwemo.