Kuhusu pumu ya mama isiyotulia

Dada, pole kwa kukesha. Umeeleza kwamba mama yako ana pumu, anapikia mkaa ndani ya chumba kimoja huko Bwaise, Kampala, na hukohoa kila usiku ingawa anamaliza inhela moja ya buluu kila mwezi.

Hiyo inhela moja kwa mwezi ndiyo inayonitia hofu. Salbutamoli, dawa iliyomo katika inhela ya buluu, hufungua njia za hewa kwa saa chache bila kutibu uvimbe uliomo ndani, na anayemaliza inhela 3 au zaidi za aina hiyo kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vikali. Tangu 2019 miongozo ya GINA, shirika la kimataifa linaloshughulikia pumu, haishauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Huenda akahitaji inhela yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe huo, kwa mfano beklometasoni, ambayo huvutwa kila siku hata mgonjwa akijiona mzima. Kwa bahati mbaya dawa hiyo mara nyingi hukosekana katika vituo vya serikali, na mwenye kipato kidogo huishia kununua ile ya buluu, ya bei nafuu. Tafadhali asilaumiwe kwa hilo.

Mpeleke kliniki ya kifua, kwa mfano katika hospitali ya Mulago, akiwa na inhela yake mkononi ili waone anavyoivuta. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kikaibana inhela barabara, husaidia dawa kufika mapafuni. Jiko nalo litoke nje leo hii.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mkimbizeni hospitali huku akiendelea kuvuta ile ya buluu njiani.