Ngozi yako inaomba ubaridi, wewe unaiongezea moto

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29. Kila joto linapoanza, uso wangu huwaka kama umepakwa pilipili, na shingoni na mgongoni natoka harara. Rafiki yangu anapenda sana Ayurveda, ile tiba ya kale ya India. Aliniambia ngozi yangu ni ya “pitta”, akanifundisha kuchanganya unga wa manjano na maji ya ndimu, nipake usoni asubuhi, nikishanawa nijipake mafuta ya nazi mwili mzima ndipo nitoke. Leo siku ya kumi. Shavu la kulia lina baka jeusi lenye michirizi, kama kitu kilichotiririka. Yeye anasema ni sumu inatoka. Niendelee?
Mwenye Baka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiendelee hata kesho. Hiyo si sumu inayotoka. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo mwanga wa jua ukizipiga juu ya ngozi, huiunguza. Ndiyo maana baka lako lina michirizi: limefuata njia ile ile yaliyoteremkia matone. Kunawa kwa haraka hakuyaondoi yote. Weusi huo hufifia wenyewe, ila huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na ukilianika juani utazidi kukolea. Usilisugue wala usilipake kitu cha kulichubua. Likitoa malengelenge au likiuma, mwone daktari wa ngozi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mchanganyiko huo umepewa jina la Ayurveda, na Ayurveda yenyewe isingekuruhusu. Nilijifunza ukandaji na utunzaji wa ngozi Kerala, kusini mwa India, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuliza kila kitu kina tabia gani, ni cha moto au cha baridi. Pitta ni ile nguvu ya moto mwilini, nayo ina tawi lake linaloishi kwenye ngozi. Manjano huhesabiwa kuwa ya moto. Ukali wa ndimu huchochea pitta. Kwa hiyo mtu mwenye uso unaowaka, katika msimu wa joto, amepakwa moto juu ya moto!

Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba hiyo, husema wakati wa kiangazi jua hunyonya unyevu wa dunia, basi mtu arudishe kilichonyonywa: vyakula vitamu kwa asili, vya majimaji, baridi na vyenye ulaini wa mafuta. Apunguze chumvi, vikali, pilipili na mazoezi mazito. Ndio msimu ambao kitabu hicho humruhusu mtu mzima kulala mchana, ndani ya chumba cha baridi, na usiku kujipaka sandali, ule mti wa manukato. Ukiyatazama maagizo hayo utaona mengi ni ya kupunguza. Hayakuagizi ujibandike vitu saba usoni.

Sasa wewe ufanye nini? Uso uoshe kwa maji ya baridi ya kawaida na sabuni nyepesi, mara mbili kwa siku, basi. Ukipenda kitu cha Ayurveda, chukua unga safi wa sandali, ulowanishe kwa maji ya waridi hadi uwe kama uji mzito, upake jioni jua likishazama, uuoshe kabla haujakauka ukavuta ngozi. Ujaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Ute wa mshubiri nao unatuliza, lakini yale maji ya njano yanayochuruzika jani likikatwa uyaache yaishe kwanza, huwasha.

Mafuta ya nazi ni ya baridi kwa hesabu ya Ayurveda, hapo rafiki yako hakukosea. Amekosea wakati. Harara hutokea jasho linapokwama chini ya ngozi kwa sababu vijitundu vyake vimeziba, nawe unavifunika kwa mafuta asubuhi halafu unatoka kutoa jasho. Harara ikiwepo, weka chupa kando. Vaa pamba iliyolegea, oga maji ya baridi, kaa penye upepo. Ikishapona, paka kidogo robo saa kabla ya kuoga jioni. Na mafuta ya nazi hayakingi jua kwa kiasi cha kutegemewa. Tumia losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje.

Nikuachie kitu kimoja ninachokipenda. Mwalimu wangu alitutengenezesha samli iliyooshwa mara mia. Unaweka samli kwenye sahani ya shaba, unamimina maji baridi, unasugua kwa kiganja, unamwaga maji, unaanza tena. Nilihesabu kwa punje mia za maharage, nikihamisha moja kila nilipomwaga. Kufikia ya thelathini mkono uliniuma. Kufikia ya themanini samli ilikuwa imepoteza umanjano wote na harufu yote, imekuwa nyeupe, imeumuka kama krimu. Niliipaka juu ya mkono uliobabuka na jua, na ubaridi wake ulinishangaza. Huwekwa kwenye ngozi kavu iliyochomeka kidogo, kamwe si juu ya kidonda au harara. Usitengeneze nyingi: ina maji ndani, huharibika upesi.

SWALI: Nina chunusi mgongoni kila joto likija. Nimeona mtandaoni vidonge vya Ayurveda vya “kusafisha damu”. Ninunue?
Kaka wa Mgongo

JIBU: Usinunue, mdogo wangu. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, wakakuta 14 zina madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima zilizouzwa mtandaoni, ikawa takriban moja kati ya tano. Oga mara baada ya kutoa jasho, badilisha fulana, usiupake mgongo mafuta yoyote. Wiki sita zikipita bila nafuu, mwone daktari. Na kama umeshaanza kuvimeza, mpelekee na kopo lake.