Maswali na Majibu: Chakula cha Bwana si dozi

Swali: Shikamoo Mchungaji. Mama yangu ana shinikizo la damu na hawezi tena kushuka ngazi za mawe za huku kwetu Mabatini kwenda ibadani. Mtumishi mmoja ametuuzia pakiti saba za mkate na divai "vilivyoombewa", ale moja kila asubuhi, na vidonge aviache ili imani isigawanyike. Je, hicho ni Chakula cha Bwana? – Binti, Mwanza

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hapana, sicho, na mama aendelee na vidonge vyake leo hii, kama daktari alivyomwandikia.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara linaniumiza. Wauzaji waliosoma kidogo hunijibu kwamba Ignatio, askofu wa Antiokia, aliuita mkate huu "dawa ya kutokufa". Ni kweli aliuita hivyo, mwanzoni mwa karne ya 2. Lakini katika maneno hayohayo aliwataka Waefeso wakutanike pamoja na kuumega mkate mmoja, na kutokufa alikokusudia ni kuishi milele katika Yesu Kristo, wala si presha kushuka. Paulo naye aliwakemea Wakorintho kwa sababu kila mmoja alitangulia kutwaa chakula chake mwenyewe, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa". Sasa pakiti ya mtu mmoja, inayoliwa chumbani pasipo ndugu, pasipo Neno wala maungamo, ina tofauti gani na karamu ile ya Korintho?

Mgonjwa hakusahauliwa kamwe. Yustino Shahidi, akieleza ibada ya Jumapili katikati ya karne hiyo, anasema mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo sehemu ya mkate uleule, na sadaka ilisaidia yatima, wajane na wagonjwa. Mwambie mzee wa kanisa wa mtaa wenu: mchungaji atapanda huko mlimani na kushiriki pamoja na mama na nyumba nzima, bila malipo yoyote.

Wengine wanauziwa kikombe ili nyavu zijae dagaa, wengine ili waache dawa za kufubaza virusi, na hawa wa mwisho ndio tunaoitwa kuwazika. Yeyote anayekutajia bei ya meza hiyo, mkimbie. Pakiti zilizobaki usimrudishie, asije akamuuzia jirani yako.