Dawa yangu haina mwenyewe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Daktari akikuandikia dawa ya kumeza maisha yako yote, utameza au utatafuta ya asili?" Mimi nimefanya yote mawili. Kuna kipindi nilikula unga wa mitishamba kwa kificho, daktari asijue.

Ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 54. Presha iligunduliwa siku niliyokwenda kung'oa jino: 170 kwa 102. Nikaandikiwa amlodipine ya miligramu 5, kimoja kila siku, "na usiache, mama." Basi, nikaondoka. Hakuna aliyenieleza kwamba dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu. Wiki ya tatu, niko kwenye cherehani ya kukanyaga, naona mkanda wa kandambili umechimba mfereji juu ya mguu. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nikajiambia figo ndizo hizo zinakwisha.

Shemeji yangu alikuwa anaingojea siku hiyo. "Hawa hawakuuzii kupona," aliniambia, "wanakuuzia kuendelea." Na siwezi kumcheka. Kampuni 39 za dawa ziliiburuza serikali ya Afrika Kusini mahakamani kupinga sheria ya kuingiza dawa za bei nafuu, huku watu wanazikwa kwa UKIMWI kila Jumamosi. Waliiondoa kesi Aprili 2001, dunia ilipowapigia kelele. Mwaka 2004 kampuni ya Merck waliiondoa sokoni Vioxx, dawa ya maumivu, baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na mwaka 2018 valsartan, dawa ya presha kabisa, ilirudishwa kutoka madukani Ulaya na Marekani kwa sababu ilikutwa na uchafu unaodhaniwa kuleta saratani. Anayewashuku watu hawa hajarukwa na akili.

Nikaacha vidonge kimyakimya, nikanunua unga. Kopo la plastiki lenye picha ya moyo mwekundu, shilingi 45,000 kwa mwezi, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Nilipouliza ni mti gani, muuzaji akasema ni siri ya babu yake. Ndani ya wiki mbili miguu ikanywea! Kila mteja aliyekuja kupimwa gauni nilimhubiria lile kopo. Halikunijia kichwani kwamba miguu ilinywea kwa kuwa nimeacha kidonge, na kwamba ningekula uji mtupu ingenywea vilevile.

Presha haibishi hodi. Kisogo kilipoanza kugonga nikaenda kupima, wiki ya saba hivi: 188 kwa 110.

Safari hii nilikutana na daktari mwingine, kijana, umri wa mwanangu. Hakunifokea. Aliomba kopo, akalizungusha mkononi, akasema, "Mama, mimi mitishamba siikatai. Ila hili halina jina la mti, sasa nikusaidieje likikudhuru?" Akanipima damu na mkojo, figo nzima. Akanibadilishia nikaanza losartan, na akanitajia madhara yake kabla sijauliza. Laiti yule wa kwanza angetumia dakika mbili tu, nisingemjua muuza unga. Kuhusu kutoaminiana, naona dakika hizo zinahusika kuliko kesi za Afrika Kusini.

Nyumbani niliifanyia losartan uchunguzi wangu kwenye simu. Kumbe waliokuwa wakiiuza mwanzo ni Merck, walewale wa Vioxx! Na baadhi ya matoleo yake nayo yalirudishwa kwa uchafu ule wa valsartan. Nikataka kuitupa. Lakini nikaona pia kwamba haki yao ya kuitengeneza peke yao Marekani ilikwisha mwaka 2010. Sasa inatengenezwa na viwanda chungu nzima vinavyogombania bei. Dawa hii haina tena mwenyewe wa kutajirika kwa ajili yangu. Dukani nalipa 9,000 kwa mwezi. Unga ulikuwa 45,000, na mwenyewe anaendesha gari zuri.

Asili siipuuzi, mimi ni Mchaga, mbege, pombe ya ndizi ya kwetu, haipikwi bila gome la mti wa msesewe. Msesewe una ndugu yake India, na kutoka mizizi ya huyo ndugu wataalamu walitoa reserpine mwaka 1952, ikawa miongoni mwa vidonge vya kwanza vya presha. (Msije mkanywa mbege mkasema mnajitibu.) Kipimo chake kilikuwa robo ya miligramu kwa siku, au chini ya hapo. Robo ya miligramu! Mimi nilikuwa nakoroga kijiko kizima cha mti nisioujua.

Juisi ya rosela bado nakunywa, bila sukari, na daktari anajua. Inasaidia kidogo kushusha. Chumvi ya mezani nimeiondoa. Nimenunua na mashine ya kupimia, inakaa kwenye droo ya nyuzi pamoja na daftari la mahesabu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka naandika. Juzi 134 kwa 84.

Shemeji alipita Jumapili, akanikuta na daftari. Akacheka kidogo, akavuta kiti, akakunja mkono wa shati bila kuambiwa. 162 kwa 98. Akasema mashine ina kasoro, tupime tena.